Video Iliyokataa Kutoka
Sehemu ya Saba

Kitundu kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo tulipokatiza wiki jana, msomaji wangu: Christabel ameinama juu ya meza ya saiba, duka la kompyuta pale Kiptere, mtoto mgongoni, na Kepher mwenye saiba amefungua kifuniko kidogo cha ubavuni mwa droni kwa ukucha wa kidole gumba. Pale pa kuingiza kadi palikuwa wazi kama pengo la mtoto wa darasa la kwanza.

"Angalia tena," Christabel alisema.

"Shem, hapa si ghala. Ni kitundu cha punje moja ya mahindi. Nikiangalia mara kumi ni kile kile."

"Angalia tena, Kepher!"

Kepher aliwasha tochi ya simu, akachungulia, akapuliza. Kikatoka kipande cha nyasi kavu.

"Basi. Nimepata nyasi."

Kama gazeti la wiki jana lilifungia nyama kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi. Calvince, mume wa Christabel, ni dereva wa lori la majani chai. Siku hiyo, saa tisa mchana, alitakiwa kusimama mbele ya wakubwa wa kiwanda. Lori lake lilikuwa limeserereka mteremkoni, likamgonga Phelis mchuma chai akipanda na kikapu chake, likamvunja mguu, kisha likalala mtaroni na mzigo wote.

Calvince alisema hakuwa kwenye usukani. Alisema Jairus, msimamizi wa magari, alimshusha pale kwenye kona, akaendesha mwenyewe, na lori lilipomshinda akaruka akapotelea kwenye chai. Jairus alisema huo ni uongo mtupu, yeye alikuwa karakana. Neno la dereva kwa neno la msimamizi. Unajua mwenyewe lipi huwa zito mezani.

Phelis, maskini, hakuona kitu. Mtu aliyebeba kikapu kilichojaa huangalia miguu yake.

Lakini siku ya ajali, kando ya barabara ile ile, kulikuwa na koito kwa mzee Isaiah. Bintiye alikuwa anaposwa. Kipyegon, mpiga video za sherehe, alikuwa amerusha droni juu ya boma, na kwenye simu yake akaona lori likisimama na mtu akishuka, kabla wageni hawajamvuta macho. Video hiyo ikiingia kwenye kompyuta, Calvince atabaki kazini. Isipoingia, Christabel atatoka kwenye nyumba ya kampuni kabla ya Jumapili na Molly wake wa miezi minane, na hana pa kwenda.

Sasa ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

Christabel alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena.

"Kipyegon! Kadi iko wapi?"

"Kadi gani?" Nyuma ya sauti yake spika zilikuwa zikinguruma. Alikuwa Sigor, kwenye harusi.

"Ya droni! Umenipa begi, ukaapa kila kitu kiko ndani!"

"Aii. Woi. Mama Molly, pole. Kadi iko na mzee Isaiah."

"Inafanya nini kwa mzee Isaiah?"

"Aliichukua. Yaani, aliniomba, lakini wewe unajua mzee akikuomba siku ya koito yake. Nilikuwa nimepiga ng'ombe zake kutoka juu, ziko malishoni, jua limewaka, nakuambia ilikuwa kitu safi sana. Akaona kwa simu. Akasema hakuna mtu anahesabu ng'ombe za mwingine, hata akiwa angani. Nikamwambia, mzee, mimi sihesabu, mimi napiga tu. Akasema video itahesabu. Nikatoa kadi nikampa."

"Na kwa simu yako haiko?"

"Ile ya simu ni kama kivuli tu. Nilifuta jana nipate nafasi ya harusi hii. Mama, nenda kwa mzee, mwambie nimekutuma. Bibi harusi anaingia!"

Akakata.

Christabel alibaki ameikodolea simu macho. Kisha akampigia mumewe, angalau asikie sauti itakayomtia nguvu.

"Calvince, kadi iko kwa mzee Isaiah. Naenda."

"Wacha, Mama Molly." Alisema polepole, kama mtu aliyelala na njaa. "Rudi nyumbani. Mvua itanyeshea mtoto. Hiyo video huenda hata haikushika kitu."

"Wewe kaa hapo upige pasi shati lako. Video nitaleta."

Alimkatia.

"Bwanangu amekata tamaa," alimwambia Kepher, akikaza shuka la mtoto. "Mimi bado."

*

Pikipiki ilimtupa kwa mzee Isaiah saa tano kasorobo. Mzee alikuwa ameketi kibarazani akipukuchua mahindi ya mbegu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising, mama. Kaa. Chepkirui! Mgeni, leta chai!"

"Mzee, sina muda wa chai."

Isaiah alimtazama kama aliyetukanwa. "Hakuna mtu hana muda wa chai."

Basi akakaa. Ungefanyaje? Chai ikaja ikichemka, maziwa mengi, kikombe kimejaa hadi ukingoni, na katika boma hilo hakuna neno la maana linalosemwa kabla kikombe hakijafika nusu. Christabel alikunywa kwa pupa. Ulimi ukaungua. Machozi yakamtoka, na Mama Chepkirui, mke wa mzee, akadhani ni shukrani, akamwongeza.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya kadi."

"Kadi ya ng'ombe."

"Kadi ya droni."

"Ndiyo hiyo hiyo. Iko salama."

"Naiomba. Nitairudisha leo leo. Bwanangu anahukumiwa saa tisa."

Mzee alipukuchua gunzi zima kabla ya kujibu. "Mama, wewe uko na kuku ngapi?"

"Nne."

"Unaona? Umesema haraka tu, kama mtu anauza. Mali ikihesabiwa inasikia. Ikisikia, inaanza kupungua. Sasa huyo kijana anapanda juu kama mwewe, anazichukua zote mara moja! Halafu hawa wakwe wangu wapya wanakaa kwao, wamenyoosha miguu, wanaangalia kwa televisheni: moja, mbili, tatu..." Akajishika mdomo kabla ya nne.

"Mimi nataka barabara tu, mzee. Ng'ombe wakitokea nitafumba macho."

"Na huyo wa kompyuta?"

"Atafumba."

"Na kompyuta yenyewe?"

Christabel alichungulia saa kwenye simu. Saa tano na nusu. Nyuma ya kilima wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi kama sufuria ya matanga. Molly akaanza kulia, na si kilio cha usingizi, ni kile cha njaa.

"Baba Fancy," Mama Chepkirui alimwambia mumewe kutoka mlangoni, bila kuinua sauti. "Mpe."

"Hujui unachosema."

"Najua. Huyu msichana anapoteza nyumba, na wewe umekalia kadi kama kuku anaatamia. Hizo ng'ombe zako zinajulikana hadi Kedowa. Mpe, ama chakula cha leo ujipikie."

Mzee alinyanyuka taratibu, akiguna. Alikaa ndani muda ambao ungetosha kukamua ng'ombe. Alipotoka alikuwa ameshika kikopo chake cha ugoro. Akakifungua, akachovya vidole viwili, akachokora, akainua kadi nyeusi ndogo iliyopakwa ugoro pande zote mbili.

"Sasa si hata wewe umeona iko salama?" alisema.

*

Saa sita na nusu. Kepher aliifuta kadi kwa pamba, akapiga chafya. Akaifuta tena, akapiga chafya mbili.

"Yawa! Hii ni kadi ama ni dawa ya mafua?"

"Ingiza, Kepher."

"Ngoja kwanza. Jairus alikuwa hapa."

"Alitaka nini?"

"Aliuliza kama video imetoka. Nikamwambia mimi nauza picha za pasipoti, siuzi habari. Akasimama hapo mlangoni kama mtu amesahau kitu, kisha akaondoka."

"Anataka kuiharibu."

"Hata mimi nilifikiria hivyo. Nikifunga mlango usishtuke."

Akafunga mlango kwa komeo, akaingiza kadi. Kompyuta ikafikiri. Ikafikiri sana. Kisha folda ikafunguka, na ndani yake video sita zimejipanga.

"Asante Mungu," Christabel alinong'ona.

Kepher alifungua ya kwanza. Malisho ya kijani yakajaa kwenye kioo, na katikati yake ng'ombe, weusi, wekundu, wenye madoa. Christabel akafumba macho papo hapo.

"Shem, unafanya nini?"

"Nilimwahidi mzee. Niambie zikiisha."

"Wewe ni mtu wa ajabu sana." Lakini sauti yake ilikuwa na heshima ndani yake. "Haya... bado... bado... yawa, kweli huyu mzee ni tajiri... bado... fumbua."

Akafumbua. Video ya pili ni hema. Ya tatu ni akina mama wakiimba. Ya nne, ya tano. Ya sita ni ng'ombe tena, kisha droni ikatua nyasini, ikakatika ghafla mkono wa mtu ukiziba kamera.

"Hiyo iliisha saa nne na dakika arobaini na mbili," Kepher alisema, akisoma pembeni. "Ajali ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tano na dakika ishirini."

Mvua ikaanza kugonga mabati, tone moja moja, kama mtu anayecheka kwa siri.

Christabel alipiga meza kwa kiganja. Droni ikaruka kidogo, kikombe cha kalamu kikaanguka, Molly akaamka akilia. Akamvuta mbele, akamnyonyesha pale pale kwenye kiti cha plastiki, huku simu ameibana begani.

"Kipyegon! Uliniambia uliona lori!"

"Niliona, Mama Molly, naapa!"

"Kwa kadi hakuna lori! Kuna ng'ombe! Nimechomwa na chai, nimerushwa na pikipiki, kwa ajili ya ng'ombe!"

"Lakini lori lilikuja baadaye. Mzee alikuwa ameshachukua kadi, nikarusha tena wakati wageni wanaingia..."

Kepher alimpokonya simu. "Wewe kijana. Ulirusha na kadi gani?"

"Sikuwa na ingine."

"Ulirusha bila kadi?"

"Lakini ilirekodi! Ile nukta nyekundu iliwaka, niliona na macho yangu."

Kepher aliiweka simu mezani polepole. Kisha akacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyejua jibu la mtihani baada ya kukusanya karatasi.

"Shem, sisi ni wajinga watatu na mzee mmoja. Hizi mashine ziko na tumbo lao. Zikikosa kadi zinameza zenyewe. Video haijawahi kuwa kwa kadi. Iko ndani ya droni."

Christabel aliitazama droni. Imekunja mikono yake minne pale mezani, imetulia kama panzi. Kuanzia saa nne asubuhi video ilikuwa pale, shubiri moja kutoka kidole chake, na yeye alikuwa kwa mzee anaungua ulimi.

Alitaka kucheka. Alitaka kuitupa dirishani. "Itoe," alisema.

*

Waya wa kwanza: taa ya droni ikawaka, kompyuta ikanyamaza.

"Huu ni wa kuchaji tu," Kepher alisema. "Unalisha, haupitishi."

Waya wa pili: vile vile. Waya wa tatu ulikuwa umetafunwa na panya.

Christabel akafunika kichwa cha mtoto, akavuka barabara akikimbia hadi duka la simu la Eucabeth. Eucabeth alikuwa anasukwa nywele, nusu ya kichwa tayari, nusu imesimama wima.

"Dada, nipe waya wa kuunganisha na kompyuta."

"Pesa iko wapi, na haraka ya nini?" Eucabeth alitania, kisha akaona uso wake. "Wewe, kuna nini? Unataka wa kuchaji ama wa kupitisha vitu?"

"Wa kupitisha."

"Hizi zote zimeningʼinia hapa ni za kuchaji. Wa kupitisha ni mmoja, na ni wangu." Aliuchomoa ukutani, pamoja na simu yake yenyewe. "Chukua. Na uurudishe kabla huyu hajamaliza kunisuka."

Saa saba na dakika hamsini. Waya wa nne. Kepher akawasha droni, ikaimba ule wimbo wake mfupi, na kompyuta ikalia: ting!

Ndani ya folda kulikuwa na faili moja tu. Saa tano na dakika sita.

"Ndiyo yenyewe," Kepher alinong'ona. "Lakini ni kubwa. Imebeba kama lori lenyewe."

Akalivuta hadi kwenye kompyuta. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Dakika kumi na nne. Asilimia nane. Asilimia ishirini. Christabel alikuwa akiomba kwa Kijaluo chini ya pumzi, maneno ambayo mamake alitumia mvua ilipokawia. Arobaini. Hamsini na tano. Sitini na moja.

Droni ikalia tiii, ikazima.

Mstari ukatoweka. Faili likatoweka.

"La! La, la, la!" Christabel akaigusa, akaurudisha mkono haraka. Ilikuwa moto kama mtoto mwenye homa. "Imekuwaje?"

Kepher alikuwa amejishika kichwa. "Imepata joto. Ikiwa juu inapozwa na upepo wake. Hapa mezani haina upepo, imejipika. Lazima tuanze upya, tangu sifuri."

"Ni saa nane na dakika tano!"

"Najua ni saa ngapi!"

Walitazamana kama wanaotaka kupigana. Kisha Christabel akatenda kitu ambacho hakufundishwa na yeyote kuhusu mashine. Alifungua dirisha, upepo wa mvua ukaingia. Akaipeleka droni pale kwenye kingo, akafuta tumbo lake kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, mbali na matundu, jinsi anavyomfuta Molly usiku wa chanjo. Akang'oa kalenda ukutani.

"Badilisha betri, anza tena. Mimi nitapepea."

"Shem, hiyo ni mashine."

"Imepata homa. Homa najua mimi. Anza!"

Akapepea. Mkono wa kulia ukachoka, akapepea na wa kushoto. Asilimia ishirini. Arobaini. Stima ikapotea, saiba ikaingia giza, na kompyuta ya Kepher ikabaki na betri yake ya asilimia kumi na saba. Sitini na moja. Christabel akafumba macho, akaendelea kupepea. Themanini. Tisini na tisa. Tisini na tisa. Tisini na tisa.

Ting.

Kepher akamshika mkono. "Imeingia."

Akabofya. Kioo kikawa cheusi, na katikati yake: *Programu hii haiwezi kufungua faili hili.*

Christabel alitoa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo.

"Usilie, usilie! Hiyo programu ni kichwa ngumu tu. Niko na ingine, ile huwa naonyeshea harusi hapa dukani." "Hii haikataangi."

Akabofya tena. Na hapo, msomaji wangu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kitu kikafunguka.

*

Boma la mzee Isaiah kutoka juu. Hema jeupe. Barabara ya udongo mwekundu ikipita kando ya lango, na chai pande zote kama zulia lililonyolewa. Kisha, kutoka kona ya juu, lori la kijani.

"Ndilo hilo," Christabel alisema.

Lori likapunguza mwendo. Likasimama kando ya lango, pua imeelekea chini. Mlango wa dereva ukafunguka, mtu akashuka.

"Calvince," alisema kwa furaha. "Unaona? Anashuka! Sasa ngoja, Jairus ataingia."

Wakangoja.

Hakuna aliyeingia.

Msichana mmoja alitoka langoni na kikombe kikubwa cha maziwa, akampa yule mtu kwa mikono miwili. Siku ya koito hapitishwi mtu mkavu. Ukionekana barabarani unaitwa, na ukiitwa unakunywa. Yule mtu akanywa. Akarudishia kikombe, akapewa kingine. Akakaa kwenye nyasi, mgongo kwa lori.

"Kepher," Christabel alisema. "Mbona hakuna mtu anaingia?"

Kepher alisogeza uso karibu na kioo.

Gurudumu la mbele likajongea. Kidogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Kisha tena. Msichana akainua mkono, akaelekeza. Yule mtu akageuka, kikombe kikaruka, akakimbia. Akaushika mlango, akaning'inia, akaachwa. Na chini kule, kutoka kwenye chai, akatokea mwanamke na kikapu, akiangalia miguu yake.

Christabel alifumba macho. Hakumwahidi yeyote safari hii.

Alipofumbua, yule mtu alikuwa akikimbia kuteremka. Kutoka juu hana uso, ni kidoa tu cha shati. Lakini mke hahitaji uso. Goti la kushoto lilikuwa likitupwa nje kidogo, lile alilovunjia uwanjani kabla hawajaoana. Aliupenda mwendo ule siku ya kwanza walipokutana. Angeutambua hata gizani.

Hakuna Jairus. Hakujawahi kuwa na Jairus. Kulikuwa na lori lisilowekewa jiwe gurudumuni, na mwanamume mwenye kiu, na baadaye mwanamume mwenye hofu akitafuta jina la kulitupia. Na kama kuna aliyemwona pale langoni, alinyamaza. Nani anataka koito ya bintiye ikumbukwe kwa damu?

*Rudi nyumbani, Mama Molly. Huenda haikushika kitu.*

"Saa nane na dakika thelathini na nane," Kepher alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Shem. Niiweke kwa flashi, ama..."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, hakijakigusa.

Simu ya Christabel ikaanza kutetemeka mezani. *Baba Molly.* Ikatetemeka, ikazunguka, ikanyamaza.

Na mlango ukabishwa.

Si kwa nguvu. Mara mbili tu, kama mtu anayebisha nyumba yenye msiba.

"Kepher. Nifungulie. Ni mimi, Jairus. Naona mko ndani."

Komeo lilikuwa bovu. Kepher alikuwa akilisema tangu Krismasi. Msukumo mdogo wa upepo, na mlango ukajifungua wenyewe. Jairus alisimama pale, mrefu, ameloa, kofia mkononi. Mkono mwingine ulikuwa umeshika flashi ndogo ya bluu, mpya, bado kwenye karatasi yake.

"Mama Molly, sikuja kwa ugomvi," alisema. "Jumapili nilikaa benchi nzima pekee yangu kanisani. Hakuna mtu alitaka kukaa na mimi. Mke wangu mwenyewe ananiuliza usiku, Jairus, niambie ukweli. Nimeshasema ukweli hadi umeisha ladha." Akainyoosha ile flashi. "Kama imetoka, nakuomba nakala. Hata kama inanilaani, niione."

Christabel alisimama. Alijua bila kufikiri mahali pa kusimama: kati ya Jairus na kompyuta, Molly kifuani, shuka limetandazwa kwa upana wa viwiko vyake. Alifikiria nyumba ya kampuni, madirisha mawili, ukuta alioupaka rangi ya samawati na tumbo la miezi saba. Alimfikiria Phelis. Akamfikiria Calvince akipiga pasi shati.

Tangu asubuhi alikuwa amesema maneno elfu, yote ya kweli, na hakuna lililofungua kitu.

"Imekataa kutoka, Baba," alisema. "Tumejaribu kila njia. Imekataa kabisa."

Kepher aliinamisha kichwa.

Nyuma ya mgongo wa Christabel, kwenye giza la saiba, video ilifika mwisho. Lakini ile ni programu ya harusi, imewekwa kuzunguka siku nzima bila kuguswa. Ikaanza upya yenyewe. Boma. Hema. Lori la kijani.

Christabel ni mfupi. Jairus ni mrefu.

Jairus alitazama muda mrefu juu ya kichwa cha Christabel, mwanga wa kioo ukicheza usoni mwake uliolowa. Aliposema, hakupaza sauti.

"Mama Molly," aliuliza, "huyo anakunywa maziwa ni nani?"